Mwambie Bibi Yako

Nyumbani kwetu baba na bibi hawakuwa wakisemeshana, wala hawakuwa wamegombana. Naanza na hilo makusudi, maana nikiwahadithia vijana hukimbilia kuuliza, "Kwani palikuwa na ugomvi gani?" Hapakuwa na ugomvi, jamani. Bibi alikuwa mama yake mama yangu, kwa hiyo kwa baba alikuwa mkwe, na kwa mila ya watu wa kwao bibi mama mkwe hasemeshwi. Mwanamume hamtazami usoni, hali naye sinia moja, na akiwa na neno la kumwambia humpitishia mtu. Jinsi usivyomsemesha ndivyo unavyomheshimu. Baba, ijapokuwa babake alitoka Arabuni, alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na mila hiyo aliishika kuliko hata wenyewe.

Mtu wa kupitishiwa maneno nilikuwa mimi.

Mama alifariki mdogo wangu angali ananyonya. Bibi akavuka kutoka Kigamboni kuja matangani, arobaini ikapita, asirudi tena kwao. Nani angetulea? Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, karibu kabisa na soko, nyumba ya udongo yenye vyumba vya huku na huku na ukumbi katikati. Mbele palikuwa na duka la baba la mafuta ya taa, tende na bizari. Nyuma palikuwa uani, ufalme wa bibi. Baina ya ukumbi na uani lilining'inia pazia la kitambaa cha marekani. Jioni baba aliketi upande huu wa pazia, bibi upande ule, kila mmoja akimsikia mwenzake hata akikohoa, na mimi nikisimama katikati nimelishika pazia.

"Mwambie bibi yako leo nimepata samaki, changu mzuri."

"Bibi, baba anasema leo amepata samaki, changu mzuri."

"Mwambie baba yako Mungu amzidishie. Nitampaka nazi."

"Baba, bibi anasema Mungu akuzidishie, atampaka nazi."

"Amina."

Baba alikuwa amekwisha sikia tangu mwanzo, ana masikio kama mimi, lakini hakuitikia mpaka nilipomfikishia. Na bibi vile vile. Siku moja nilichoka nikasema, "Lakini bibi, si umemsikia mwenyewe?" Akanikata jicho. "Nimesikia sauti. Neno sijaletewa. Lisiloletwa halijafika." Niliona ni mambo ya wazee tu, nikaendelea na utarishi wangu. Maneno hayo baadaye yalikuja kunisimamia kooni.

Sasa sikilizeni serikali ilivyotuingilia mpaka uani.

Serikali ya Waingereza siku zile ilikuwa imelishika jambo la lugha kwelikweli. Shule za Waafrika zilianza kwa Kiswahili. Wahindi walikuwa na shule zao na lugha zao. Wazungu wenyewe, mtu akija kazini kutoka Ulaya, hathibitishwi mpaka afaulu mtihani wa Kiswahili, na ukipita Mnazi Mmoja jioni ungewakuta vijana wa Kizungu wanatembea na walimu wao wakirudia rudia maneno. Tukasikia tena kwamba mabwana wakubwa wamekaa kitako wakakubaliana Kiswahili kipi ndicho Kiswahili, na vitabu vyote vitoke kwa hicho. Habari hiyo nilimpelekea bibi. Akauliza, "Walikwenda kumwuliza nani?" Nikasema sijui. "Haya," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Lakini sisi tulikuwa fungu gani? Hapo ndipo kichwa changu kilipokuwa kikizunguka. Sokoni walituita watoto wa Mwarabu. Waarabu waliofika majuzi, ambao bado walinuka merikebu, walituita Waswahili. Watu wa kwao bibi huko Kigamboni walituita watoto wa mjini, na hilo kwao lilikuwa tusi. Nilipomwuliza baba sisi ni nani, alinitazama akasema, "Sisi ni watu wa dukani, nenda kafagie."

Basi siku moja baba akarudi kutoka barazani, pale walipokuwa wakikutana kunywa kahawa, amejaa habari. Wafanyabiashara wa Kiarabu wamepata ruhusa ya kufungua shule yao, na serikali itasaidia. Ila kuna sharti: shule ni ya watoto ambao nyumbani kwao husemwa Kiarabu. Mtoto asiyesema Kiarabu nyumbani, huyo ni wa shule ya Waafrika. Na Mzungu wa Elimu atapita nyumba kwa nyumba kujionea mwenyewe. Hivyo ndivyo baba alivyotueleza. Kama kweli serikali ilisema hivyo, au ni watu wa kahawa waliokolezea, mpaka leo hii sijui, na waliojua wamekwisha kufa.

Mdogo wangu alikuwa amefikia umri wa shule. Mimi msichana, habari yangu haikutajwa. Baba akasema mwanawe ataingia shule ile, potelea mbali. Nilimpitishia bibi, na bibi akauliza ile nyingine ina kasoro gani. Baba akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Mwambie bibi yako, mwanangu akihesabiwa katika wenyeji, ataitwa boi mpaka aote mvi. Mimi nimeitwa boi bandarini mbele ya wapagazi wangu. Mwanangu hataitwa."

Niliyafikisha. Bibi alikiinua kifuu akakitazama ndani, akakitupa.

Ijumaa ile baba alipotoka kuswali akapiga marufuku. Ndani ya nyumba yake, tangu siku ile mpaka Mzungu aje na kuondoka, Kiswahili hakuna. Kiarabu tu.

Loo! Kiarabu kipi? Mimi na mdogo wangu tulikuwa na Kiarabu cha chuoni, yaani sura tulizozihifadhi na dua za kulala na za kuingia chooni. Baba mwenyewe alikuwa na kile alichorithi kwa babake: maamkizi, hesabu za dukani, na matusi. Ukimtaka aseme kwa Kiarabu kwamba mafuta yamemwagika, angekutukana tu, basi. Siku ya kwanza nyumba ilinyamaza utadhani pana maiti ndani. Wateja walipoingia dukani waliongea Kiswahili na baba akawajibu Kiswahili, kwa kuwa duka, kwa hukumu yake mwenyewe, halikuwa nyumba. Akivuka kizingiti tu anakuwa bubu. Nilimwona akisimama pale pale mlangoni, mguu mmoja dukani na mmoja ukumbini, amefungua kinywa, hajui cha kukifanyia.

Na kazi yangu je? "Mwambie bibi yako" ilikuwa Kiswahili. Baba akaanza kunituma kwa Kiarabu chake, nami nusu nisielewe, nikifika kwenye pazia nabuni. "Bibi, nadhani anataka kahawa." Bibi huuliza, "Jua liko wapi?" Nikisema limefika darini, husema, "Saa hizi baba yako hutaka maji ya kuoga, hata akiomba kwa Kihindi. Mpelekee ndoo." Nampelekea ndoo, na baba anashukuru Mungu, kumbe mtoto ameelewa! Jirani zetu walicheka mpaka wakalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hofu ya kila siku, maana nilijua maneno ninayoyapeleka siyo yaliyotumwa, na sikujua ni nani ninayemdanganya.

Baba alipoona mambo hayendi alitafuta mwalimu. Akapatikana ustadhi mmoja aliyeshuka melini si muda mrefu, mwembamba, mpole, ana njaa. Alikuja kila siku baada ya alasiri kutufundisha kusema. Kiarabu alikuwa nacho, cha kumwaga. Tabu yake ni kwamba yeye alitaka Kiswahili. Mji ule bila Kiswahili hununui hata ndizi, na yeye alikuwa anataka kujitegemea. Basi tukiketi mkekani kando ya pazia lililofunuliwa anatufundisha jina la kitu, mara moja anageukia pazia: "Bibi, hii nini?" Na bibi, ambaye ustadhi si mkwe wake, anamjibu: "Hiyo kata, mwanangu. Na hilo kuti. Na hapo unapokalia panaitwa mkekani, sogea, unakalia nazi zangu." Ustadhi anarudia, bibi anacheka, ustadhi anarudia tena. Ikifika magharibi ustadhi ana Kiswahili kipya tele, na sisi hatuna tulichokipata.

Baba akapata habari hiyo, nadhani ni mdogo wangu aliyeropoka. Hakumfukuza ustadhi. Lakini nilimwona akilitazama lile pazia kwa jicho jipya. Alikuwa amegundua Kiswahili kinatoka wapi nyumbani mwake.

Siku moja kabla ya Mzungu kuja, baba aliniita ukumbini. Tangu marufuku ile ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha Kiswahili ndani, na alikisema kwa sauti ya chini, akitazama miguu yake.

"Mwambie bibi yako," akasema, "avuke kwao Kigamboni leo leo. Akakae kwa dada yake mpaka wageni waishe."

Pazia lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kule nyuma mbuzi ya nazi ilikuwa ikikwaruza, kwaru, kwaru, na baba alipomaliza kusema ilinyamaza. Bibi alikuwa amesikia. Nikajivuta mpaka kwenye pazia, nikalishika kama kawaida yangu, nikafungua kinywa. Neno halikutoka. Wallahi halikutoka! Nilijua akivuka hatarudi. Bibi hakuwa mtu wa kufukuzwa mara mbili. Na mdogo wangu alikuwa hawezi kulala bila kushika pindo la kanga yake.

Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, ananitazama.

"Una neno?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Si kusema ndiyo wala siyo, kilitikisika chenyewe.

"Kama una neno lilete. Kama huna, mimi sijaletewa kitu." Akaanza tena kukuna. Machozi yalinitoka nikabaki nimeshika pazia, mbele yangu bibi, nyuma yangu baba, na kila mmoja anajua, na hakuna anayeweza kusema mpaka mimi niseme. Nilikuwa mtoto mdogo, nimebanwa kama kidole kati ya mlango na kizingiti. Mwisho nikaliachia pazia, nikatoka mbio mpaka sokoni, nikakaa kwenye matenga ya kuku mpaka adhana.

Nikarudi nikamkuta bibi yupo, anapepeta mchele. Baba hakuniuliza. Kwa mila yake mwenyewe, alikuwa ametuma na mjumbe amekwenda, na jibu halijaja. Angefanya nini? Angekwenda mwenyewe pale pazia amwambie mkwe wake "toka"? Hata yeye asingethubutu.

Mzungu akaja asubuhi, na karani wake kutoka bara. Alikuwa kijana, uso umewiva kwa jua, na akapiga hodi vizuri kabisa kama mtu wa kwetu. Baba alivaa kanzu mpya na kilemba, ametia udi nyumba nzima mpaka macho yanawasha. Mdogo wangu amekogeshwa, amekalishwa mkekani. Mimi nilikaa pembeni ya pazia, mahali pangu. Baba akawapokea wageni kwa Kiarabu kirefu alichofundishwa na ustadhi, akakimaliza bila kukosea, jasho linamtiririka.

Mzungu akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa haya. "Bwana, uniwie radhi," akasema kwa Kiswahili. "Kiarabu mimi sijui. Nimefaulu Kiswahili tu, mwezi uliopita."

Karani naye, baba alipomgeukia, akainua mabega. Salaale! Wamekuja kupima Kiarabu na hakuna hata mmoja anayekijua. Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Ikabidi aseme Kiswahili. Mzungu akauliza, "Humu nyumbani mwasema lugha gani?" Baba akajibu kwa Kiswahili, "Kiarabu, bwana." Mzungu akauliza, "Hata watoto?" Baba akajibu kwa Kiswahili, "Hasa watoto." Mzungu akainama kwa mdogo wangu, akamwuliza kwa upole, "Nawe, mtoto, wasemaje?" Maskini mdogo wangu alikuwa ameambiwa asitamke Kiswahili hata akiumwa na nge. Na Kiarabu cha ustadhi kilikuwa kimemruka chote. Akamtazama Mzungu, akamtazama baba, akafumba macho, akasoma Alhamdu mwanzo mpaka mwisho.

Mtoto yule alikuwa na sauti. Aliisoma vizuri mno, taratibu, kama alivyofundishwa, na nyumba nzima ikatulia, hata karani akavua kofia. Nilisahau mtihani, nilisahau serikali. Na alipofika mwisho, kabla baba hajaitikia amina, nyuma ya pazia kikatoka kigelegele. Kisha sauti ya bibi, imejaa furaha, haina habari na marufuku ya mtu: "Mwanangu weee! Mungu akuweke! Mama yako angekusikia leo!"

Mzungu akainua kichwa. "Nani huyo asemaye Kiswahili ndani?"

Baba hakufikiri. Nimemtetea miaka yote hii kwa neno hilo, kwamba hakufikiri.

"Mpishi, bwana," akasema. "Mpishi tu."

Mzungu akaandika, karani akaandika. Mimi nilihisi pazia limetikisika karibu ya sikio langu, nikageuka, bibi hayupo. Nikadhani amekwenda kulia. Hamjui nyinyi. Kidogo hivi pazia likafunguka kwa nguvu, na bibi, ambaye tangu mama aolewe hakupata kukanyaga ukumbini baba akiwapo, akatoka mbele za watu. Kanga ameifunga kibwebwe kiunoni kama mtu wa kazi, kichwa wazi bila ushungi, mkono mmoja mdila wa kahawa, mkono mwingine vikombe. Akawamiminia wageni. Kisha akamgeukia baba, akasimama mbele yake, akamtazama usoni.

"Kahawa, bwana," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza bibi kumwambia baba maishani. Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili, macho yake yapo kwenye mkeka, na kahawa ikamwagika kwenye kanzu mpya. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekuwa na raha, alikuwa anamchekea bibi.

Na yule Mzungu, masikini ya Mungu, hakuona kitu. Alikunywa, akasifu kahawa. "Mpishi wako ana Kiswahili safi sana," akamwambia baba. Akamwuliza bibi, "Mama, Kiswahili chako ni cha wapi?"

"Cha nyumbani, bwana," bibi akamjibu.

Wakaaga. Mlangoni Mzungu akampa baba mkono, akamwambia mtoto ni Mwarabu bila shaka, jina lake limeingia. Baba alikuwa amepata alichokitaka. Alirudi ukumbini akaketi, na kikombe chake hajakinywa.

Uani bibi alikuwa anakunja mkeka. Vitu vyake vilikuwa vichache, viliingia katika kanga moja. Akajifunga ushungi, akaniita.

"Mwambie baba yako mpishi amemaliza kazi, anakwenda kwao."

Hilo nililifikisha. Hata ningekatwa kichwa nisingeweza kukataa, kwa jinsi alivyolisema. Baba akainuka nusu, akasema, "Mwambie bibi yako..." Nikangoja. "Mwambie bibi yako..." Nikangoja nimeshika pazia. Hakuendelea, akaketi tena. Kiarabu hana na Kiswahili kimemkimbia. Nilipogeuka, mlango wa uani ulikuwa wazi, na mdogo wangu yupo njiani anamkimbilia bibi analia. Jirani ndiye aliyemkamata akamrudisha.

Siku zile zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kiswahili kilirudi nyumbani, marufuku imekwisha, lakini hakuna aliyekuwa na neno la kusema. Nilipika mimi. Wali wangu ulikuwa mbichi juu na uji chini, na baba aliula bila kuninung'unikia, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Jioni alikuwa akikaa mahali pake ukumbini, akilitazama pazia, na nyuma ya pazia hakuna kitu ila majivu.

Shule ikafunguliwa. Mdogo wangu akapelekwa na kofia mpya. Mwalimu wao, walipofika, wakamkuta ni nani? Ni ustadhi wetu! Siku ya kwanza aliwasemesha Kiarabu, darasa zima likamkodolea macho. Kumbe nyumba zote zilifanya kama sisi! Hakuna mtoto aliyekuwa nacho. Kila baba alidhani ni yeye peke yake, akanyamaza. Basi ustadhi afanye nini? Akawafundisha Kiarabu kwa Kiswahili.

Mdogo wangu alirudi amechangamka, akaketi ukumbini karibu na baba, akamsimulia. Sikuwahi kumsikia akiongea sana hivyo tangu bibi aondoke. "Baba, ustadhi anasema kama bibi! Tukikosea anasema, 'Mwanangu weee!' Tukikaa ovyo anasema, 'Sogea, unakalia nazi zangu!' Na hakuna nazi!" Akaanguka kwa kicheko.

Baba hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake, siku ya kazi, soko limejaa, akafunga duka.

Tukashuka Kivukoni, tukapita kando ya wauza samaki, tukapanda mashua ya kuvukia. Baba alivaa ile kanzu yenye doa la kahawa. Nilidhani amekosea, nikamwambia, akaniambia ninyamaze. Kigamboni tukatembea mchangani mpaka kwa dada yake bibi. Nyumba ilikuwa na ua wa makuti, na ndani ya ua nikaisikia ile sauti, kwaru, kwaru. Mdogo wangu akachomoka kama mshale akaingia. Baba akabaki nje, akauegemea ua kwa mkono.

"Mwambie bibi yako," akaniambia, "arudi nyumbani."

Nikaingia. Bibi yuko juu ya mbuzi, mdogo wangu amemng'ang'ania shingoni. "Bibi, baba anasema urudi nyumbani."

"Mwambie baba yako," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "anayeita mpishi hutaja mshahara kwanza."

Nikatoka. Kabla sijafungua kinywa nikaona baba amechuchumaa mchangani, amejishika kichwa. Nikamfikishia hivyo hivyo. Basi baba akainuka, akanipita, akausogelea ua mpaka makuti yakamgusa kifua. Akasema mwenyewe, bila ya mtu kati.

"Mama. Nimekukosea. Nimekukosea mbele ya watoto wako na mbele ya watu. Nisamehe, mama."

Mbuzi ikanyamaza. Nilikuwa nimesimama kwenye uwazi wa ua, nawaona wote wawili, na nilichanganyikiwa kuliko siku zote, maana sasa mila imevunjwa na baba, kama ilivyovunjwa na bibi, na sikujua kazi yangu ni ipi, wala kama bado ninayo. Bibi akamtoa mdogo wangu shingoni taratibu, akauvuta ushungi wake mbele mpaka ukamfunika uso, ijapokuwa ua ulikuwa kati yao na baba hamwoni. Akaniita kwa kidole.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "asinisemeshe. Mimi si mpishi wake."

Nilisimama. Sikujua kama anamfukuza au anamrudisha. Nilimtazama bibi anieleze, akanisukuma begani: nenda, peleka. Nikatoka mpaka nje. Baba alikuwa ametazama chini, amesikia kila neno, na anangoja.

"Baba," nikamwambia, "bibi anasema, mwambie mkwe wangu asinisemeshe, mimi si mpishi wake."

Baba akarudi nyuma, akauacha ua. Akalichukua pindo la kilemba akajifuta uso, akaugeuzia ule uwazi mgongo kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe.

"Mwambie bibi yako nimesikia," akasema. "Mwambie mashua ya mwisho bado."

Nikaingia mbio kulipeleka. Bibi alikuwa amekwisha anza kukunja mkeka, lakini aliacha, akaketi, akaweka mikono mapajani, akaningoja niseme.